Chachu ya Kudha na Programu ya Watu wa Bia

Hebu niambieni nyinyi wenye simu: chachu ikikaa miaka minne kwenye kopo, imekufa au imelala tu?

Msijibu haraka. Mjukuu wangu Salama alijibu haraka, simu yake ikajibu haraka kumshinda, na nusura tuipoteze chachu iliyokuwa ikila mtama tangu mama yake hajazaliwa. Kaeni vizuri niwaeleze, maana mimi nikianza sina breki. Anayeandika ni yeye huyo Salama. Mimi kalamu niliishika siku tatu chuoni, siku ya nne nikatumwa kuni, na sikurudi.

Kazi yangu ilikuwa kupika mofa. Mofa ni mkate wa mtama, mviringo, unaubandika kwenye ukuta wa tanuri la udongo, na tanuri lenyewe nalo huitwa mofa. Wasomali wanasema muufo, na ukila wao ukala wetu utajua nani alimfunza nani, lakini hayo tuyaache. Nimepika Kudha, kisiwani kwetu. Nimepika Kismayo, nimepika kambini kwa wakimbizi, nimepika Mombasa. Miaka arobaini na ushei nimeingiza kichwa tanurini. Nyusi hizi mnazoziona ni wanja. Za Mungu ziliungua Kismayo, na zilipoota tena zikaungua Mombasa.

Watu hudhani kazi ya mofa ni moto. Moto hata punda akifundishwa atauwasha. Kazi ni chachu. Ukitia hamira ya dukani, ile ya paketi, unga unaumuka upesi, unajaa hewa, unafurahi. Unaubandika ukutani, unakaa kidogo, kisha puu, uko jivuni. Chachu ya kwetu haina haraka, lakini inaupa unga ulimi, unashika ukuta kama mtoto anavyoshika titi. Kuubandua mpaka utie kisu.

Chachu hiyo nilipewa na somo wangu, Bi Mize, mama aliyenifunza kazi Kudha nilipokuwa kigori. Yeye alipewa na mama yake, na huyo sijui alipewa na nani, tulikuwa hatuulizi. Siku ya kwanza aliponiachia bakuli nikailishe mwenyewe, nikaona haina ladha, nikaitia chumvi ukufi mzima. Asubuhi imelala kama uji wa mgonjwa. Bi Mize akaja, akainusa, akanitazama.

"Umeipa nini?"

"Chumvi, somo. Nimeona imepooza."

"Wewe nikikulisha chumvi tupu utaamka ucheze?"

"La."

"Basi na huyu ni mchu."

Mchu, ndivyo tusemavyo sisi Wabajuni, ni mtu. Akaimwaga yote mbele yangu, akaenda kwake akaniletea nyingine, wala hakunipiga. Afadhali angenipiga. Tangu siku ile sijapima chachu kwa macho peke yake. Unaweka sikio juu ya bakuli, usikie vipovu vinapasuka, tsi, tsi. Kisha unanusa. Ikinuka ndizi mbivu, imeshiba na ina nguvu, kanda. Ikinuka siki, ina njaa, lishe. Ikinuka kiatu kilicholowa, omba Mungu.

Sasa nije kwa Salama. Yeye kazaliwa Mombasa, Kismayo alikuwa anaijua kwa mdomo wangu tu. Nilipoacha kazi miguu iliponishinda, nilifanya kama Bi Mize alivyonifunza: nikaipaka chachu nyembamba juu ya leso safi, nikaianika kivulini mpaka ikawa magamba, nikaikata leso vipande viwili, nikavitia kwenye kopo la maziwa na mkaa kidogo wa kunywa unyevu. Kopo likakaa juu ya kabati miaka minne. Tuliporudi Kismayo, mimi na yeye, watu walibeba magodoro, mimi nilibeba kopo.

Salama akasema anataka kupika mofa. Nikafurahi mpaka nikasahau miguu. Akajenga tanuri uani kwa mikono yake, mimi nimekaa kwenye kiti namtukana, "udongo mwingi huo," "mdomo umeinama," na likatoka zuri. Ikabaki chachu.

Siku moja namwona kainamia simu kaweka kopo langu pembeni.

"Unampigia nani?"

"Simpigii mtu, bibi. Hii ni programu. Inahesabu hamira."

"Inahesabuje kitu hakijaonekana?"

Akanieleza, na mimi nikitaka jambo nalielewa. Programu ina orodha ya hamira, ndefu kama orodha ya wageni wa harusi, kila moja na jina lake. Unachagua yako. Inakuuliza imetengenezwa lini, utapikia kiasi gani, joto la mahali pako likoje. Kisha inapiga hesabu. Kila mwezi uliopita inapunguza, inasema fungu hili limekufa, fungu hili lingali hai. Walio hai wakiwa wachache, inakwambia usiwatupe kwenye chombo kikubwa, waamshe kwanza kwenye kidogo, kesho wahamishe kwenye kikubwa kuliko hicho, kesho kutwa kikubwa zaidi.

Hapo nikaisogelea simu. Ndivyo alivyofanya Bi Mize: kikombe, bakuli, chungu. Nikamuuliza Salama, "Aliyetengeneza hii kafunzwa na nani?"

Akacheka, akageuza uso. Mtoto akigeuza uso mimi nafuata.

"Salama."

"Bibi, ukijua utakasirika."

"Nimeshaanza."

"Ni programu ya watu wanaopika bia nyumbani."

Nikashika kopo langu nikaliweka kifuani. Mimi mwana wa Kudha, sijui hata pombe inanuka vipi, chachu ya Bi Mize iende ikahesabiwe na walevi.

"Bibi, hesabu hailewi. Programu za mikate nimezitafuta, zote zinasema tia kijiko kimoja, basi. Hakuna inayouliza hamira ina umri gani. Watu wa bia ndio wanaoijali hamira mpaka wanaihesabu mmoja mmoja."

Nikafikiri. Haki ya mtu mpe, hata kama hamli sahani moja. Nikamwambia haya, hesabu, lakini simu isikae juu ya meza ya unga.

Na ndipo kosa lilipoingia. Mimi wiki ile nilivuka kwenda Kudha mazikoni, siku nne. Nimerudi, namkuta Salama kakaa mlangoni na beseni zima la unga mbele yake, kijivu, juu kuna maji, na harufu naisikia toka barabarani. Kiatu.

Nilimuuliza taratibu, maana macho yake yalikuwa yamevimba. Ikatoka kidogo kidogo. Programu ilipomuuliza jina la hamira, yetu haimo kwenye orodha, akachagua ya Wazungu iliyofanana rangi. Programu ilipomuuliza imetengenezwa lini, akaandika miaka minne. Ikamjibu: hai, hakuna. Sifuri.

"Nikaona, bibi, haiwezi kuwa sifuri. Wewe ulisema imelala tu. Basi nikabadilisha tarehe. Nikaandika mwezi uliopita."

"Ukaidanganya simu."

"Nilitaka inipe hesabu."

Na ikampa. Simu haina macho, ukiiambia mzee wa miaka themanini ni kijana, itampa gunia abebe. Ikahesabu kana kwamba ile chachu ni changa na wote wazima, ikamwambia haina haja ya kuamshwa, tia unga wote. Akatia. Vile vidudu vichache vilivyobaki hai kwenye kipande cha leso vikaamka, vikafungua jicho, vikaona mlima wa unga. Vitaula vipi? Kabla havijapanda, uozo wa hewani ukawahi beseni. Chachu ikiwa nyingi hufukuza uozo, ikiwa chache hufukuzwa.

Nilikaa chini. Kikabaki kipande kimoja. Dunia nzima, kipande kimoja, kikubwa kama kiganja cha mtoto.

"Bibi, si wako wengine wenye chachu hii? Tukaombe."

Jibu nilikuwa nalo, lakini lilikuwa na aibu, nikalimeza.

Salama akasema hatagusa kile kipande tena maisha yake. Nikamwambia, utakigusa wewe, kwa mkono wako, mimi nimekaa. Mtu aliyeungua ndiye anayejua moto uko wapi. Mimi nilimwaga chachu ya Kudha kwa chumvi, na nikaiua tena kambini nikiwa mwanamke mzima. Hapo akainua kichwa, maana hiyo ya kambini nilikuwa sijamwambia.

Nikamweleza: vita vilipoingia Kismayo, watu walikuja na bunduki wakachukua mashine za mashua, wakachukua nyavu, wakachukua hata milango. Tulikimbia mchana kweupe, kwa mashua ya shemeji yangu, tukapita bandari ya Burgao hatukutia nanga, tukaenda moja kwa moja Kenya. Nilikuwa na mama yako mgongoni na chungu cha chachu mapajani. Jua kali, chachu ikaumuka ikafurika, ikanimwagikia, na watu tumebanana hakuna pa kugeukia. Shemeji akasema, "Bi Esha, mtoto ndiye anayelia na chungu ndicho unachokibembeleza." Watu walicheka. Hiyo ndiyo mara pekee tuliyocheka safari nzima.

Ikafika hai. Kambini nikapewa unga wa mahindi badala ya mtama, nikasema itazoea, na maji ya tangi. Nikailisha. Siku ya kwanza imenyamaza. Ya pili imenyamaza. Nikaongeza maji, ikazidi kunyamaza. Nikawa naipa kila siku kile kile kilichokuwa kinaiua, kama mama anayempa mtoto dawa ya mwenzake. Maji ya tangi yalitiwa dawa, watu wasiharishe, na ni dawa nzuri, lakini dawa ya kuua vidudu haichagui, na chachu ni vidudu. Bi Mize hakunifunza hilo kwa sababu Kudha tulikuwa na kisima, maji ya magadi kidogo, hayana dawa. Nilijifunza kwa pua yangu, siku ya tano, nilipoinusa bakuli nikasikia harufu ya nguo nyeupe zilizofuliwa.

"Kwa hiyo ilikufa," Salama akasema.

"Ilikufa yote."

"Na hii je? Ilitoka wapi?"

"Tuamshe kwanza. Nitakwambia."

Tukaanza asubuhi. Nikamwambia atoe simu yake. Akashangaa, alidhani nitaivunja. Nikamwambia sasa iambie kweli: miaka minne. Akaandika. Sifuri.

"Imesema hakuna, bibi."

"Imesema haina hesabu ya hapo. Sifuri ya mtu asiyejua na sifuri ya mtu anayejua si moja. Sasa iulize hivi: kama walio hai ni wachache kabisa, wachache mno, ianze na chombo gani?"

Akabonyeza, akatafuta, akakuta mahali pa kuandika walio hai mwenyewe bila kuulizwa tarehe. Akaandika wachache. Programu ikampa ngazi: kwanza kidogo sana, kisha mara tano, kisha mara tano tena. Nikampigia makofi huyo mlevi aliyeitengeneza, Mungu amwongoe. Kidogo sana chake kilikuwa sawa na kifuniko cha chupa. Bi Mize angesema kikombe cha kahawa. Hawakupishana mbali.

Lakini hapo hapo Salama akainuka kwenda kuchota maji kwenye pipa, yale yanayoletwa na boza, gari la maji.

"Simama. Nusa hayo maji."

Akanusa. "Hayana kitu."

"Jaza kikombe, kifunike kwa kiganja, tikisa, sasa nusa."

Akarudisha kichwa nyuma. "Dawa."

"Programu ilikuuliza maji umetoa wapi?"

Akaipekua juu mpaka chini. Kwenye ukurasa wa hamira hakuna mahali pa kuandika maji. Hamira ya jina gani, tarehe, joto, kiasi, na fungu la sukari itakalokula, ambalo limeshaandikwa, kana kwamba kiumbe anakula sawasawa siku za joto na siku za baridi ya kusi. Lakini maji, la. Labda wao maji yao ni mazuri. Nikamwambia amimine kwenye beseni pana, aliache wazi juani mpaka kesho, dawa itoke ijiendee. Na tukalala chachu haijaguswa. Kungoja nako ni kazi, msijidanganye.

Kesho yake akalowesha leso kwenye kijiko cha maji yale, vuguvugu kama chozi. Akakwangua magamba kwa ukucha, akatia mtama kiasi cha kubana kwa vidole viwili. Akafunika. Nikamwambia asifunue. Akafunua mara sita, nilimhesabu.

Siku ya kwanza, kimya. Ya pili, akaweka sikio, kimya. Simu ilikuwa imeshasema siku ya pili tuhamie bakuli kubwa. Nikamwambia simu inahesabu siku, wewe hesabu pumzi. Usimhamishe mtu ambaye hajapumua. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua. Moyoni, wajukuu zangu, nilikuwa nimeshaanza kumsomea Bi Mize Fatiha ya kuomba radhi.

Ya tatu, adhuhuri, nimo katika kutia udhu. Salama kaja mbio, kasimama mbele yangu, kaninyooshea kikombe. Nikaweka sikio.

Tsi.

Nikangoja.

Tsi, tsi.

"Ni sikio langu au?" akauliza.

"Nusa."

Akanusa, machozi yakamtoka. "Ndizi," akasema. "Ndizi changa."

Tukaipandisha ngazi, kikombe, bakuli, chungu, kwa hesabu ya simu na kwa pua yangu, na zilipopishana tulifuata pua. Ijumaa mofa ya kwanza ikabandikwa. Salama alichungulia tanurini mpaka nyusi zake za kushoto zikaondoka. Mkate haukudondoka. Nilitafuna ukoko ule kwa meno yangu sita na nilikuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote pwani ile.

Wiki haijaisha, asubuhi, mlango unagongwa. Ni Faduma, jirani wa ukuta wa pili, Msomali wa bara, ana watoto wadogo watatu. Kashika bakuli tupu.

"Ayeeyo," akaniambia, ndivyo wanavyomwita bibi kwao, "nasikia harufu ya muufo wa mama yangu kutoka uani kwako. Hamira ya paketi inanishinda. Nipe chachu kidogo."

Salama akanitangulia kujibu. "Hatuna ya kutosha."

Faduma akashukuru, akaondoka na bakuli lake. Mlango ulipofungwa nikamwuliza Salama, chunguni hamna kitu?

"Bibi, nyumba anayokaa yule ilikuwa ya Mbajuni. Jamaa zake ndio waliotutoa hapa. Na chachu hii tumeipata kwa tundu la sindano."

Basi nikamwambia lile jibu nililolimeza.

Kambini chachu ilipokufa, nilikaa nje ya turubai nalia kama nimefiwa. Akaja mwanamke Msomali, simfahamu, ananiangalia. Akasema, "Wewe si wa mofa wa Kismayo? Uliwahi kumpa dada yangu chachu. Tumekuja nayo." Akaniletea bakuli. Nilikuwa sikumbuki dada wala siku. Zamani nilikuwa nampa kila anayekuja, kwa sababu Bi Mize alinifunza chachu haiuzwi na hanyimwi mchu. Mwanamke yule watu wake ni wale wale waliosimama njiani na bunduki wakituuliza, "Nyinyi ukoo gani?" na sisi Wabajuni hatuna ukoo wa Kisomali wa kuwatajia. Yeye hakuniuliza.

Na mimi nikafanya nini? Nilipofika Mombasa, mofa yangu ikasifiwa mpaka Kisauni, nikaingiwa na uroho. Wanawake walikuja na mabakuli, nikawa nasema hatuna ya kutosha. Maneno hayo hayo, mjukuu wangu. Miaka yote ile. Yule wa kambini akafariki, na kwake hakubaki anayepika; wale wa zamani wa Kismayo walitawanyika, sijui waliko. Ndiyo maana uliposema tukaombe kwa wengine, hapakuwa na wengine. Si vita vilivyoifikisha chachu ya Kudha kwenye kipande cha leso. Ni mimi.

Salama akachukua kata, akachota bakuli likajaa, akajitanda, akatoka. Nikamsikia kupitia ukuta anamwambia Faduma asitumie maji ya boza kabla hayajalala juani. Faduma akamwambia kitu, wakacheka wote wawili.

Aliporudi akakaa miguuni pangu, mikono ina unga, akaniahidi. Akasema, "Bibi, akija mchu yeyote na bakuli mlangoni kwangu, nitamjazia. Na sitamuuliza ni ukoo gani."